Kupima Kabla ya Kufasili: Historia ya Jeti za Chembe katika Migongano ya Protoni na Suala la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya kipimo kimoja katika fizikia ya chembe, yaani kipimo cha uzalishwaji wa jeti katika migongano ya protoni zenye nishati kubwa. Mwandishi si mwanafizikia bali ni mtafiti wa lugha, na ni kwa jicho la lugha historia hii inasomwa hapa. Kwa zaidi ya miaka 30 wanafizikia walihesabu jeti, wakachapisha takwimu zake na kubishana juu yake, ilhali hawakuwa na fasili moja ya jeti waliyoikubali wote. Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo hicho hakikukomazwa na ukubwa wa mashine peke yake. Kilikomazwa na fasili, na fasili hiyo ilipatikana kwa majadiliano, kama inavyopatikana istilahi yoyote. Kwa wanaozishauri serikali na taasisi za Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili cha sayansi, jambo hili halifai kupita bila kutazamwa, kwa kuwa desturi yetu imekuwa kutafuta neno kwanza na kuiacha fasili ijitafutie njia.

Kinachopimwa

Protoni si punje ngumu. Ndani yake mna kwaki, na mna gluoni zinazozifunga kwaki hizo pamoja. Protoni mbili zinapokutana kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, mara nyingi hupitana kwa mikwaruzo midogo. Mara chache kwaki au gluoni ya protoni moja huigonga barabara ile ya protoni nyingine, na zote mbili zikarushwa kando, mbali na mstari wa mkondo wa protoni. Lakini kwaki haitoki peke yake. Kadiri inavyojitenga na wenzake ndivyo nishati ya kani inayoifunga inavyoongezeka, hata nishati hiyo igeuke kuwa chembe mpya. Kinachofika kwenye kigunduzi, basi, si kwaki bali ni kundi la chembe za aina ya hadroni, pengine makumi kadhaa, zikikimbia kuelekea takribani upande mmoja. Kundi hilo ndilo jeti.

Hapo ndipo swali la lugha linapozuka. Kigunduzi huona chembe na nishati zilizotawanyika pande zote. Hakioni mpaka. Chembe iliyo pembezoni ni ya jeti hii, ya jeti ile, au si ya yoyote? Makundi mawili yaliyokaribiana yahesabiwe moja au mawili? Maumbile hayajibu maswali hayo. Hujibiwa na fasili, na fasili ikibadilika idadi nayo hubadilika, ingawa mgongano ni uleule.

Wasomaji wa Rusizi na Bukavu wanao mfano wa karibu. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililochukua maisha ya watu pande zote mbili za mto, lilitangazwa kuwa na ukubwa wa takribani 6. Mtu akilinganisha matangazo ya vituo mbalimbali kuhusu tetemeko lolote hukuta namba zinazotofautiana, na aghalabu hudhani kituo kimoja kimekosea. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Ziko fasili kadhaa za ukubwa wa tetemeko, na kila moja hutoa namba yake.

Kutoka kukisia hadi kuona

Mwishoni mwa miaka ya 1960 majaribio ya Stanford, Marekani, ya kuzipiga protoni kwa elektroni yalionyesha kwamba ndani ya protoni mna vitu vidogo vigumu. Murray Gell-Mann alikuwa ameshalitoa jina la kwaki mwaka 1964, akilichota tahajia yake katika riwaya ya James Joyce. Mwaka huohuo George Zweig alifikia wazo hilohilo kwa njia yake na kulipa jina lingine. Jina la Zweig halikudumu. (Wanaoamini kwamba istilahi za sayansi huzaliwa kwa mantiki safi wangefaidika kwa kukaa kidogo na kisa hiki.) Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba kani inayozifunga kwaki hupungua nguvu zinapokaribiana sana, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kutokana na hapo ikawezekana kukokotoa ni mara ngapi kwaki zitagongana na kurushwa kando. Nadharia ilikuwa na utabiri. Ilihitaji kipimo.

Ushahidi wa kwanza wa jeti haukutoka kwenye protoni. Ulitolewa mwaka 1975 katika mashine ya SPEAR huko Stanford, iliyogonganisha elektroni na positroni, katika uchambuzi ulioongozwa na Gail Hanson. Mwaka 1979, katika mashine ya PETRA mjini Hamburg, zilionekana jeti tatu katika tukio moja, na jeti ya tatu ikawa ushahidi wa gluoni. Katika migongano ya namna hiyo kazi ni nyepesi, kwa kuwa elektroni na positroni hutoweka zote na kila kinachoonekana kimetokana na mgongano mmoja.

Protoni hazina wema huo. Baada ya kwaki mbili kugongana, mabaki ya protoni zote mbili huendelea na safari yakimwaga chembe zake juu ya tukio zima. Mashine ya ISR ya CERN, karibu na Geneva, ilianza kugonganisha protoni kwa protoni mwaka 1971. Upesi zikaonekana chembe nyingi kuliko ilivyotarajiwa zikirushwa kando kwa nguvu. Je, hizo zilikuwa jeti? Ubishi uliendelea kwa muongo mzima, na sababu yake inafaa kuelezwa. Majaribio mengi ya wakati ule yalikuwa yakirekodi tukio pale tu ambapo chembe moja yenye nguvu imeonekana. Anayechagua matukio kwa chembe moja huwa ameshaamua jeti yake itakuwa na sura gani, kwani anazibagua zile ambazo nishati yao imegawanyika kwa chembe nyingi ndogo. Ni sawa na mtafiti wa lahaja anayewahoji wasemaji waliosoma tu, kisha akaandika kwamba lahaja hiyo iko karibu na Kiswahili sanifu.

Dawa ilikuwa kupima nishati yote badala ya chembe moja. Jaribio la UA2 la CERN lilijenga kalorimita, chombo kinachozimeza chembe na kuipima nishati wanayoiacha, kilichokizunguka kituo cha mgongano na kugawanywa katika vyumba vidogovidogo. Mashine nyingine ya CERN, SPS, ilikuwa imeshabadilishwa ili kugonganisha protoni na antiprotoni kwa nishati ya gigaelektroni-volti 540. Katika mkutano wa Paris wa mwaka 1982 UA2 walionyesha matukio yaliyomaliza ubishi: nishati kubwa imerundikana mahali pawili panapotazamana, na penginepo pote kumekuwa kimya. Hata asiyejua fizikia angezihesabu jeti zile kwa kidole.

Ni wazi, hata hivyo, kwamba tukio linaloweza kuhesabiwa kwa kidole halihitaji fasili. Tatizo lilikuwa matukio mengine yote.

Mgogoro wa fasili

Fasili ya kwanza yenye mashiko ya kinadharia ilitolewa na George Sterman na Steven Weinberg mwaka 1977 kwa ajili ya migongano ya elektroni na positroni: ilitumia pia, yaani umbo la koni, ikihesabu nishati iliyo ndani yake. Wazo hilo lilihamia kwenye protoni. Mtafiti huchora duara juu ya uso wa kigunduzi, huhesabu nishati iliyomo, hulisogeza duara hadi litulie, kisha huliita jeti. Duara la ukubwa gani? Lianzie wapi? Maduara mawili yakipandana ifanyweje? Kila kundi la watafiti lilijibu kwa namna yake, na wakati mwingine jibu lilikuwa limefichwa ndani ya programu ya kompyuta, halikuandikwa katika makala.

Mwaka 1990 wanafizikia wa nadharia na wale wa majaribio walikutana Snowmass, katika jimbo la Colorado, wakaafikiana juu ya masharti ambayo fasili njema ya jeti lazima iyatimize: iwe rahisi kutumika katika jaribio, iwe rahisi kutumika katika ukokotozi wa nadharia, itoe majibu yenye kikomo katika kila hatua ya ukokotozi, na isiathiriwe sana na namna kwaki zinavyogeuka kuwa hadroni. Walipendekeza pia koni ya ukubwa maalumu. Ni mwaka huohuo wa 1990 ambapo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sioni ajabu yoyote katika kukutana kwa tarehe hizi, lakini kuziweka pamoja kunasaidia. Upande mmoja waliokuwa na neno muda mrefu walikaa kutafuta fasili. Upande wa pili tulikuwa tukizipa maneno fasili zilizokwisha kukubaliwa kwingine.

Maafikiano ya Snowmass hayakumaliza mambo. Ili kuokoa muda wa kompyuta, majaribio yaliendelea kuanzisha maduara yao mahali penye nishati kubwa tu, mahali palipoitwa mbegu. Ubaya wa mbegu ulifahamika polepole. Chukua jeti mbili zilizo jirani, na kati yake itokee chembe dhaifu kabisa ambayo haina uzito wowote katika fizikia ya tukio. Chembe hiyo ikihesabiwa kuwa mbegu, duara jipya linaweza kuanzia pale, likazimeza zote mbili na kuzifanya jeti moja. Idadi imebadilishwa na kitu ambacho si kitu. Nadharia haiwezi kuikokotoa fasili ya namna hiyo, kwa sababu chembe dhaifu za aina hiyo hazina idadi.

Njia nyingine ilikuwepo tangu mwaka 1993. Badala ya kuchora duara, algoriti ya kt huzichukua chembe mbilimbili, huziunganisha zilizo karibu, na kurudia hadi makundi yakamilike. Nadharia iliipenda. Wa majaribio hawakuipenda, kwa kuwa jeti zake zilikuwa na kingo zisizotabirika, na kompyuta ilichukua muda mrefu mno kuzitafuta pale chembe zilipokuwa nyingi. Kikwazo cha muda kiliondolewa na Matteo Cacciari na Gavin Salam katikati ya miaka ya 2000, walipoonyesha kwamba hesabu ileile inaweza kufanywa upesi zaidi kwa kutumia jometria. Kikwazo cha kingo kiliondolewa mwaka 2008, pale wawili hao pamoja na Gregory Soyez walipochapisha algoriti inayoitwa anti-kt. Mabadiliko yenyewe ni madogo kiasi cha kushangaza: kipeo kimoja katika fomula kimegeuzwa alama, kutoka chanya kuwa hasi. Kutokana na hilo, chembe yenye nguvu ndiyo inayoanza kuwakusanya majirani wake dhaifu, na jeti iliyojitenga hupata umbo la duara lenye nusukipenyo R kinachotajwa mapema. Chembe dhaifu hazina tena uwezo wa kubadili idadi.

Gharama ya kuchelewa inaonekana katika kisa cha Tevatron, mashine iliyokuwa karibu na Chicago. Mwaka 1996 jaribio la CDF lilichapisha kipimo kilichoonyesha kwamba jeti zenye nishati kubwa sana, zaidi ya takribani gigaelektroni-volti 200, zilikuwa nyingi kuliko nadharia ilivyotabiri. Wapo waliojiuliza kama kwaki nazo zina vitu vidogo zaidi ndani yake. Jaribio jirani la D0 lilipima na halikuona hitilafu ya kutisha. Jibu lililokubalika baadaye ni kwamba kipimo cha CDF hakikuwa kibovu. Kilichokuwa na upungufu ni ujuzi wa wakati ule kuhusu wingi wa gluoni zinazobeba sehemu kubwa ya mwendo wa protoni. Jeti zilikuwa zikiwafundisha watu juu ya protoni yenyewe. Lakini somo kama hilo husomwa vizuri pale tu ambapo pande mbili zinazolinganisha takwimu zinahesabu kitu kimoja.

Kipimo cha mwaka 2010

Mashine ya LHC ya CERN, yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ilianza kugonganisha protoni kwa teraelektroni-volti 7 tarehe 30 Machi 2010. Majaribio yake makubwa, ATLAS na CMS, yalitumia algoriti ya anti-kt tangu vipimo vyao vya mwanzo katika nishati hiyo. ATLAS walitoa matokeo yao kwa R mbili, 0.4 na 0.6, na kuzitaja wazi. Mtu akisoma makala zao leo anajua kilichohesabiwa ni nini, na anaweza kukihesabu tena.

Baada ya swali la fasili kutulia, swali lililobaki lilikuwa la mizani. Idadi ya jeti hushuka kwa kasi mno nishati inavyopanda, na kwa hiyo kosa la asilimia 1 katika nishati ya jeti huweza kuzaa kosa la asilimia 5 au zaidi katika idadi. Chanzo kikubwa cha shaka katika vipimo vile vya mwanzo kilikuwa hichohicho. Mizani husahihishwa kwa matukio ambayo jeti imerushwa upande mmoja na fotoni upande wa pili: nishati ya fotoni hupimwa kwa usahihi mkubwa, na kwa kuwa pande mbili hazina budi kulingana, jeti husomwa kwa kipimo cha mwenzake. Kwa njia hiyo na nyingine za aina yake, shaka katika nishati ya jeti za sehemu ya kati ya kigunduzi imeshushwa hadi kukaribia asilimia 1. Utabiri wa nadharia umefuatana na vipimo hivyo huku idadi ikishuka mara mamilioni kutoka mwanzo hadi mwisho wa mchoro mmoja.

Kigali, Kamembe na Bukavu

Historia hii si ya mbali nasi kama inavyodhaniwa. Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake, ambayo Ketevi Assamagan wa jaribio la ATLAS ni miongoni mwa waasisi wake, ilianza Stellenbosch mwaka 2010, na mwezi Agosti 2016 ilifanyika Kigali katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2017 Kiswahili kiliwekwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2018 ilizinduliwa Kigali taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, EAIFR, kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964. Mambo matatu yametokea katika nchi moja ndani ya miaka miwili, na la katikati halikuonana na mawili yaliyolizunguka: lugha ya kazi katika shule na katika taasisi ni Kiingereza.

Simlaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba ukitazama kutoka Rusizi, hasara yake ina sura ya pekee. Mwanafunzi wa sekondari wa Kamembe husoma fizikia kwa Kiingereza, kufuatia uamuzi wa mwaka 2008 uliokiweka mahali pa Kifaransa. Mwenzake wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, huisoma kwa Kifaransa. Wakikutana sokoni huzungumza Kiswahili. Wote wawili wana neno jet katika madaftari yao, limeandikwa kwa herufi zilezile, kwa sababu Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, ambako limetokana na kitenzi chenye maana ya kutupa. Lakini wa Bukavu halitamki t ya mwisho, na wa Kamembe huitamka. Wakilisema kwa sauti, kila mmoja anaweza asimtambue mwenzake. Umbo la jeti, lenye irabu yake ya mwisho, lingewakutanisha.

Ndiyo maana napendekeza jeti ikubaliwe kama ilivyo, katika ngeli ya i/zi. Najua pingamizi. Watakuwapo watakaosema neno hilo limeshachukuliwa na ndege, na kwamba Kiswahili kina mchirizi, mbubujiko na mfoko. Kuhusu ndege, lugha inayobeba paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani haitavunjika mgongo kwa jeti mbili. Kuhusu maneno hayo mengine, kila moja limekuja na picha yake. Mchirizi ni mwembamba na hufuata njia iliyochimbwa, jeti hupanuka. Mfoko ni wa kitu kilichozidi chombo chake. Picha nzuri inaweza kumsaidia mwalimu siku ya kwanza na kumpotosha mwanafunzi miaka mitatu. Wanafizikia walikuwa na picha nzuri ya koni, na tumeona ilichowagharimu.

Lililo zito zaidi ni fasili itakayoandikwa mbele ya neno. Katika orodha nyingi za istilahi tulizozoea, safu ya kwanza ina neno la Kiingereza, ya pili ina neno la Kiswahili, na basi. Orodha ya namna hiyo ingeandika jeti na kuendelea na neno linalofuata. Kadi ninayoipendekeza kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, na kwa mabaraza ya kitaifa, ingesomeka hivi: jeti ni kundi la chembe zilizotokana na mgongano, lililokusanywa kwa algoriti iliyotajwa yenye nusukipenyo R kilichotajwa. Sehemu ya mwisho si pambo. Jeti isiyotajiwa algoriti wala R haijapimika, na kamusi isiyosema hivyo itakuwa imetafsiri neno la mwaka 1975 kwa wasomaji wa leo. Kadi hiyohiyo itaje nani aliikubali fasili na mwaka gani, ili ikibadilika ijulikane kilichobadilika.

Itaulizwa kama kuna atakayelitumia neno hilo, au tunaifungia kamusi kitu kisicho na wasemaji. CERN ilianza kuziweka wazi data za migongano ya CMS mwezi Novemba 2014, takribani terabaiti 27 kwa mara ya kwanza, na ATLAS nayo imefuata. Ndani ya data hizo zimo jeti. Kuzihesabu hakuhitaji kusafiri hadi Geneva. Kunahitaji kompyuta, intaneti, mwalimu, na maelekezo yanayoeleweka. Maelekezo ya Kiswahili yanaweza kuandikwa, na kazi ya kwanza ya mwandishi wake itakuwa kuamua jina la Kiswahili la anti-kt. Mimi ningeiacha kama ilivyo na kuongeza neno algoriti mbele yake. Kamati ya istilahi ikiona vingine, nitaomba iandike sababu zake kwenye kadi.